Vijana hukesha langoni petu, na aliye na spika ni mtoto wa rafiki yangu

Mshauri, pokea salamu zangu kutoka Nakuru.

Tunaishi mtaa wa Shabab, nyumba ya kupanga, na chumba kimoja cha kulala kinatazama barabara. Nje ya lango la ploti kuna kalavati lenye slabu ya saruji juu ya mtaro. Tangu mwishoni mwa mwaka jana slabu hiyo imegeuka kuwa baraza la vijana. Saa tatu usiku huwa wawili watatu, ikifika saa tano wamekuwa kumi. Wana spika ya kubeba mkononi, wanatafuna majani ya muguka, na wengine wana chupa walizonunua katika duka la pombe lililo mlango wa tatu kutoka kwetu. Watu wa bodaboda wakipita huwasalimu kwa kupiga resi pikipiki ikiwa imesimama, na nyingi zimetolewa sailensa. Siku za kazi hutawanyika saa nane usiku. Ijumaa na Jumamosi, hata saa kumi. Asubuhi nafagia vigae vya chupa, na ukuta unanuka mkojo.

Mimi huamka saa kumi na moja kwenda kazini. Mtoto wangu yuko Gredi ya 6, na mwalimu ameshaniita kuniuliza kwa nini anasinzia darasani. Mama mkwe anaishi nasi tangu aanze kliniki ya presha, na ndiye anayelala kile chumba cha mbele.

Utaniuliza kwa nini sijashtaki. Spika ni ya mtoto wa jirani yangu wa ploti ya pili. Mamake tuko chama kimoja, na nilipofiwa na mama alilala kwangu hadi mazishi yakapita. Mmoja wa wale wa bodaboda ndiye anayepeleka watoto wangu shuleni. Tena mwezi wa nne wezi walipokuja kukata nyaya za stima za ploti, ni vijana hao hao waliopiga mayowe wakawafukuza. Mama mkwe husema, “Hao ndio askari wetu, wavumilie.” Lakini tangu yale mauaji ya mtaa wa Mawanga, hapa Nakuru, mwaka wa 2022, nikisikia sauti za vijana gizani moyo hunienda mbio, hata kama nazitambua.

Mara moja nilishindwa nikafungua dirisha saa saba usiku nikawafokea. Walinyamaza kidogo, kisha spika ikapandishwa na wote wakacheka. Siku hizi nikipita wananiita Mama Polisi.

Mume wangu ni dereva wa trela, Mombasa hadi Malaba, na nyumbani hupatikana siku chache kwa mwezi. Yeye anasema nimwachie: ana rafiki polisi, simu moja tu na wote watabebwa. Naogopa. Wakibebwa, mtoto wa rafiki yangu atakuwa ndani ya gari, na atakayebaki hapa na watoto ni mimi. Kuhama nako ni kuacha shule, kazi na chama. Nifanyeje?

Asiyelala, Nakuru

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu, pole sana. Mtu asiyelala huanza kujilaumu kwa hasira zake, na hasira zako zina sababu. Nimeisoma barua yako mara mbili nikaona umebeba mizigo mitatu kwa pamoja: usingizi uliopotea, urafiki usiotaka kuuvunja, na hofu ya kubaki peke yako na watu ambao umewashtaki. Mumeo ameona mzigo wa kwanza tu, ndiyo maana suluhisho lake ni simu moja. Mama mkwe ameona wa tatu. Wewe unaiona yote, na ndiyo sababu huwezi kuamua haraka. Usijihesabu mwoga kwa hilo.

Kwanza nakuomba uvunje hilo neno “kelele” vipande vipande. Katika barua yako kuna muziki wa spika, kuna resi za pikipiki, kuna pombe inayouzwa usiku wa manane, kuna mkojo na vigae, na kuna vijana kukaa tu na kuzungumza. Spika ina mwenyewe, na unamjua mamake. Pikipiki zina steji, na steji ina mwenyekiti. Duka lina leseni. Slabu ina sababu yake ya kupendwa. Ukienda kwa mtu yeyote na kumwambia “vijana wanatusumbua”, atakupa pole na kukurudisha nyumbani, kwa maana hajaona la kushika. Ukimwambia “spika, saa nne hadi saa nane, Jumanne na Alhamisi, chini ya dirisha la mgonjwa”, ameshapata pa kuanzia.

Kwa hiyo nunua daftari. Kwa wiki mbili andika tarehe, saa kelele ilipoanza na ilipokwisha, ilikuwa ya nini, wewe ulikuwa chumba gani, na ni nani mwingine aliyeisikia. Andika usiku ule ule au asubuhi, usingoje Jumapili ukajumlisha. Usiku uliokuwa kimya uandike pia, maana daftari lenye malalamiko matupu huonekana limetungwa. Ukitaka kurekodi, rekodi sauti ukiwa ndani, dirisha likiwa limefungwa. Usiwapige picha wala video vijana wenyewe: mwanga wa simu dirishani huonekana mbali sana, na picha ya uso wa kijana ikifika kwenye kikundi cha WhatsApp cha mtaa, utakuwa umefungua ugomvi mpya.

Hilo daftari litakujibu pia swali ambalo ni wewe tu unayeweza kulijibu. Usiku wanapokuwepo lakini muziki haupo, je, unapata usingizi? Kama unaupata, shida yako ni sauti, na sauti inapimika na kujadiliwa. Kama hata wakinong’ona moyo unaenda mbio, basi Mawanga bado imo ndani yako, na kuzimwa kwa spika hakutaiondoa yote. Hilo si aibu. Ila linataka dawa nyingine: kuwafahamu kwa majina wale walio nje, na pengine kuongea na mtu katika kliniki au kanisani kuhusu hofu yenyewe.

Umeamini kwamba wanafanya makusudi. Usiku ule wa dirisha, ndiyo, aliyepandisha spika alifanya makusudi. Lakini fikiria ulivyowakuta: saa saba, mbele ya wenzao, kwa sauti ya juu. Kijana akifokewa mbele ya kundi ana njia mbili, kuonekana ameogopa au kuonekana hajali, na wachache huchagua ya kwanza. Hiyo haina maana kwamba walijua, kabla ya hapo, kuna bibi mwenye presha nyuma ya ukuta walioegemea. Wewe ulishawahi kuwaambia?

Sheria iko upande wako, ila ijue ilivyo. Kanuni za kelele za NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, za mwaka wa 2009 zinahesabu usiku kuanzia saa mbili na dakika moja hadi saa kumi na mbili asubuhi, na katika makazi kiwango cha juu usiku ni desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 35. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili hufika karibu desibeli 60 ukiwa mita moja kutoka kwao. Kwa hiyo kwa kipimo hicho hata soga zao tu zingevuka mpaka. Nakuambia hivi usije ukaenda kwa yeyote ukidai kimya kitupu, kwa sababu hakuna afisa atakayekipata, nawe utavunjika moyo. Programu za simu za kupima sauti zinakupa makadirio, si ushahidi. Kipimo kinachokubalika ni cha mashine iliyosawazishwa, mkononi mwa afisa. Na tangu Katiba ya 2010, udhibiti wa kelele umo katika Jedwali la Nne kama kazi ya kaunti, kwa hiyo ofisi ya mazingira ya kaunti ndiyo mlango wa kwanza kabla ya NEMA. Maafisa hufanya kazi mchana. Barua yako ikikosa kuomba waziwazi waje baada ya saa nne usiku, watakuja saa tano asubuhi na kukuta slabu tupu.

Sasa turudi kwa mama wa chama, maana hapo ndipo naona pana nafasi kubwa na pia hatari kubwa. Ukimwendea na neno “mwanao anatusumbua”, atasikia kwamba amelea vibaya, na urafiki utaumia hapo hapo. Ukimwendea mchana, peke yenu, ukamweleza hali ya mama mkwe na ya mtoto, kisha ukamwomba akushauri namna ya kuzungumza na kijana, umemfanya mwenzako katika jambo hili. Anaweza kusema yeye mwenyewe amechoka na mtoto huyo na hana la kufanya. Anaweza pia kukasirika. Usiende siku ya mkutano wa chama, wala usimtumie mtu wa tatu. Akilisikia kwa mwingine kwanza, hilo ndilo litakalomuuma.

Kijana mwenyewe naye mkute saa kumi jioni akiwa peke yake au na mmoja, si usiku na kundi. Muite mwanangu kama ulivyozoea. Anza na wale wezi wa nyaya: mshukuru, maana naona kwenye barua yako hakuna aliyewahi kuwashukuru. Kisha omba kitu kimoja kidogo kinachoweza kuonekana kimefanyika. “Mwanangu, kukaa hapo hamjanikosea. Nakuomba Jumapili hadi Alhamisi saa nne ikifika spika izimwe, nyanya yuko nyuma ya huo ukuta na ana presha.” Ukiomba “msikae hapa tena” umeomba kisichowezekana, na jibu la hapana huvunja mlango wa maombi yote yanayofuata. Tarajia kwamba watashika Jumapili na Jumatatu, kisha Jumatano kuteleze. Usirudi dirishani. Mpate tena jioni, umtajie zile siku mbili walizoshika kabla ya kutaja ile moja.

Kuna ombi lingine ambalo huwa rahisi kukubaliwa: spika isogee. Sauti ya chombo kidogo mahali pa wazi hupungua takriban desibeli 6 kila umbali unapoongezeka mara mbili. Ikitolewa mita 4 kutoka dirishani ikawekwa mita 16, zimepungua kama 12, na sikio huhisi sauti imeshuka zaidi ya nusu. Igeuzwe uso iangalie barabara, isiwekwe ikiegemea ukuta wa ploti, kwa sababu ukuta na saruji huirudisha na kuikuza besi. Nayo besi ndiyo inayopenya mawe na vioo. Ile sauti nyembamba ya mwimbaji huzuilika.

Jiulize pia kwa nini ni hapo hapo. Nenda ukae kwenye ile slabu jioni moja. Kuna kiti bure, kuna upepo uliokingwa na ukuta, kuna taa ya lango lenu inayowapa mwanga wa karata, na duka liko karibu. Taa ikibadilishwa ikawa ya kuwaka pale tu inapohisi mtu anasogea, ikaelekezwa chini langoni badala ya barabarani, mvuto mmoja umepungua, na usalama wa ploti haujapotea. Hilo ni la mwenye nyumba. Mpelekee mwangalizi wa ploti ombi kwa maandishi. Ila usije ukafuata ushauri utakaopewa mtaani wa kumwaga oili chafu kwenye slabu au kupachika vigae vya chupa. Vijana watajua ni nani, na oili hiyo mvua ya kwanza itaiosha hadi mtaroni, na mitaro ya mji wetu huishia Ziwa Nakuru. Kuivunja slabu pia usijaribu, maana mtaro na kando ya barabara ni vya kaunti.

Yule wa bodaboda anayepeleka watoto wako shule ni mtu unayemlipa, na mnaheshimiana. Mwambie yeye kwanza kuhusu resi, halafu umwombe akupeleke kwa mwenyekiti wa steji. Steji nyingi zina kanuni na faini zao, na mwenyekiti ana nguvu ambazo hata chifu hana, kwa kuwa anaweza kumsimamisha mtu kazi kesho yake. Sheria ya trafiki inataka pikipiki iwe na sailensa inayofanya kazi; mwenyekiti analijua hilo na hataki trafiki waanze kuipitia steji yake.

Duka la pombe ni habari nyingine kabisa, na hapa sioni sababu ya kuona haya. Sheria ya vileo ya 2010, ile tuliyozoea kuiita sheria ya Mututho, inataka leseni ibandikwe mahali inapoonekana, na hata baa haziruhusiwi kupita saa tano usiku. Leseni sasa hutolewa na kaunti na huisha kila mwaka. Duka linalouza saa saba usiku lina sababu ya kuogopa barua ya wakazi kipindi cha kuomba upya, na pengine litasikia neno la upole kabla ya hapo. Likifunga kwa wakati, huenda nusu ya mkutano ikahamia kwingine bila ya wewe kumtaja kijana yeyote.

Hata hivyo usitie sahihi peke yako. Katika ploti yenu na ile inayofuata hakosi mwingine asiyelala. Muulize mmoja mmoja kabla ya kuandika. Barua ya ukurasa mmoja yenye nyumba tano au sita, bila ya jina la kijana hata mmoja, ipitie kwa mzee wa Nyumba Kumi, kisha naibu wa chifu. Nakala ipigwe muhuri wa kupokelewa, ubaki nayo. Omba kikao, na vijana waitwe kama wakazi wala si kama washtakiwa. Wanaweza kuja na yao: hawana uwanja, hawana kazi, nyumbani ni chumba kimoja na wadogo wamelala. Mkiyasikiliza hayo kwa dhati, huenda mkapata mahali pengine pa kukaa. Na huenda msipate. Kuna vikao huisha kwa ahadi na soda.

Sasa simu ya mumeo. Namwelewa, yuko barabarani usiku, hawezi kulinda mlango wake, na simu ndiyo silaha aliyo nayo. Lakini mweleze jinsi msako unavyoenda. Gari likija halichagui: atabebwa mwenye spika, atabebwa na aliyekuwa anapita kwenda choo cha nje. Katiba inataka aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, na bondi ya polisi ni bure, lakini wazazi wengi hawalijui hilo, na usiku huo pesa hutafutwa. Mama wa chama atakuwa mmoja wao. Simu ya rafiki, tena, haiachi alama yoyote kituoni; kesho yake huna cha kuonyesha. Ukitaka polisi, na una haki hiyo, njia salama zaidi ni kwenda kituoni mchana na wenzako mkiwa na barua na daftari, muonane na OCS, yaani mkuu wa kituo, mwombe doria ipite mara kadhaa, na muondoke na nambari ya OB, kitabu cha matukio cha kituo. Kuripoti hakulipiwi. Hilo halimbebi mtu, na linabaki kwenye kumbukumbu iwapo mambo yatazidi.

Kuna hali ambayo haya yote niliyosema kuhusu mazungumzo hayahusu. Ukiona silaha, ukiona dawa za kulevya zinauzwa, ukitishwa wewe au mtoto, au wakitokea watu usiowafahamu kati yao, usisubiri kikao. Piga 999 au 112, kaa mbali na dirisha, na hapo simu ya mumeo ina kazi.

Mahakama ya Mazingira na Ardhi ipo, na Kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kuiendea. Kwa kundi linalohamahama sioni kama itakufaa. Kwa duka au baa isiyosikia, labda.

Wakati haya yote yanapikwa, mama mkwe hana sababu ya kuendelea kulala mbele. Mbadilishane vyumba wiki hii, mtoto naye alale nyuma pamoja naye kama nafasi ipo. Sauti hupita panapopita hewa, kwa hiyo ziba upenyo wa chini ya mlango wa chuma na pembeni mwa fremu ya dirisha kwa mpira wa kubandika. Mapazia mazito hupunguza kidogo sana, na besi hayaigusi. Matundu ya hewa yaliyo juu ya dirisha usiyazibe kamwe kama kuna jiko la makaa linaloingizwa ndani, kwa maana moshi usioonekana wa makaa huua watu wakiwa usingizini. Siku ya kliniki, mwambie mama amweleze daktari kwamba halali usiku. Usingizi mbovu huathiri presha, na daktari akiwa hajui anaweza kuongeza dawa bure.

Sijui utaanza na nani, na sitakuchagulia. Ukiona mama wa chama ni mgumu, mwenye duka au mwenyekiti wa steji anaweza kutangulia, kwa kuwa huko huna urafiki wa kupoteza. Ukiona hofu imezidi, anza na majirani. Mumeo mwombe wiki hizo mbili za daftari tu kabla ya kupiga simu, na akiwa nyumbani safari ijayo, atoke jioni akawasalimie vijana wale langoni, ajitambulishe kwa jina. Wengine pengine hawajawahi kumwona.